Miraba Ishirini

Tabo ya gari letu ilirudi kutoka Mbeya ndani ya gunia la viazi. Gari lenyewe, Pijo 504 jeupe, lilikuja juu ya lori la mbao likiwa na tundu kwenye pistoni ya tatu. Ulikuwa mwezi wa Agosti 1976, na baridi ya Iringa ilikuwa bado inauma masikio. Kaka yangu Philbert alilitupa gunia chini ya benchi langu akasema, "Hilo hapo. Usiniulize kitu."

Mtu akiniambia nisiulize, amenipa kazi. Lakini siku ile sikuuliza, maana habari kwamba Mihayo ameua injini ilikuwa imeshatufikia, nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa imeshapata mtu wa kumwangukia. Mihayo alikuwa anateremka kwenye lori, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye kope. Mafundi wote wa mtaa wetu pale Mlandege walikuwa wamesogea kutazama. Nikamwambia mbele yao, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, "Mguu wako umezoea kufukuza ng'ombe. Ukishakanyaga hujui kuachia!"

Watu wakacheka. Mihayo akajifuta vumbi kwenye kope. Philbert akamwambia achukue nguo zake aende, sanduku la spana atalifuata siku nyingine.

Inabidi niseme sisi ni akina nani. Gereji ilikuwa ya Philbert, na mimi, Tekla, mdogo wake, nilikuwa kwenye mashine ya kukereza vyuma. Nilijifunza kazi hiyo misheni, ambako baba yetu alikuwa mlinzi wa karakana. Bruda mmoja mzee alichoka kunifukuza mlangoni akaona heri anifundishe. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sina mume, nina mdomo. Mihayo alikuwa Msukuma wa Usangu. Baba yake, mzee Nkuba, alihama na ng'ombe wake kutoka kaskazini akatafuta malisho hadi huko bondeni, na mtoto naye akawakimbia ng'ombe hao akaja mjini kufuata injini. Alikuwa amekaa nasi miaka mitatu. Alikuwa fundi mzuri na dereva mzuri zaidi, na ndiye aliyeendesha Pijo letu kwenye mashindano ya kupanda mlima, barabara ya Chunya, juu ya Mbeya.

Wiki tatu baada ya mimi kumtukana, ilikuja barua kutoka karakana mpya ya malori kule Iyunga, Mbeya. Mkuu wake, Ndugu Timotheo, alieleza kwamba Mihayo ameomba kazi ya ufundi, na kwamba yeye mwenyewe alikuwepo siku ya mashindano, akaona injini ikipasuka. Alitaka kujua jambo moja: je, ilipasuka kwa uzembe wa Mihayo? Kama ni uzembe, hawatamchukua. Kama si uzembe, aanze kazi Jumatatu. Mihayo angepita Ijumaa kuchukua sanduku lake pamoja na jibu.

Barua za gereji niliziandika mimi, kwa kuwa kalamu ilikuwa inamtoa Philbert jasho. "Andika ni uzembe, upige muhuri," akasema, akarudi chini ya gari.

Nikaandika "Ndugu Timotheo," nikaweka mkato, nikakwama. Barabarani nilisema kwa hasira. Kuandika kulinitaka nijue, na nilipojiuliza najua nini hasa, nikakuta sijui kitu. Sikuwepo Mbeya. Philbert alikuwepo, ameketi kando ya Mihayo ndani ya gari, na yeye alisema Mihayo alivuka elfu tano kwenye saa ya mizunguko ya injini, mpaka tuliokubaliana asiuvuke. Mihayo alisema hakuvuka. Basi. Neno kwa neno, na mimi nilichukua la kaka kwa sababu ni kaka.

Ilikuwa Jumatano. Nikaiacha barua, nikalivuta lile gunia.

Tabo ni kitu rahisi kueleza na kigumu kupatanisha na injini. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni moja. Feni hiyo imeshikana kwa mhimili mwembamba na feni ya pili, na ile ya pili inashindilia hewa kwenye injini. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, gari lolote hupanda mlima likihema, kwa hiyo mtu anayekusukumia hewa ni rafiki mkubwa. Feni ya moshi inakaa ndani ya nyumba ya chuma iliyojikunja, na sisi tuliiita konokono. Moshi unaingia kwa mdomo mpana, unabanwa kwenye koo, kisha unaipiga feni. Koo likiwa pana mno, feni inalala, dereva anakanyaga na kungoja. Koo likiwa jembamba mno, feni inaamka mapema sana, na injini ikishika mbio hewa inazidi hadi pistoni zinayeyuka.

Ule mwaka tulikuwa na tabo mbili, zote za kuokota. Moja ilitoka kwenye lori la Kiswidi lililoanguka njia ya Zambia, nyingine kwenye trekta lililokufa mashamba ya mpunga Usangu. Philbert aliipenda ile ya lori kwa sababu ilikuwa kubwa. Tuliifunga, na Pijo likawa linakohoa. Feni ya hewa ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya injini mara sita ya yetu. Ilishindilia hewa, injini yetu ikashindwa kuimeza, hewa ikarudi nyuma ikipiga kelele hadi kuku wa jirani wakahama. Basi tukachukua feni za trekta. Likabaki swali la konokono.

Hapo ndipo mimi nilipokosa usingizi kwa furaha. Kila konokono lilikuwa na namba iliyogongwa kwenye chuma. La lori lilikuwa na 22, la trekta 12. Namba za nini? Philbert alisema ni namba za kiwandani tu. Mihayo alisema labda ni uzito. Tukapima uzito, haikuwa uzito. Nikanunua nta ya nyuki sokoni, nikailainisha juani, nikaisukuma kwenye koo la kila konokono, nikaitoa, nikaikata kwa wembe pale palipokuwa pembamba kabisa. Nikaweka uso wa ile nta juu ya daftari langu la hesabu la misheni, lenye jalada la kahawia, nikachora kuizunguka, nikahesabu miraba. Vipande nilivijumlisha nusu kwa nusu.

Lori miraba hamsini na tano. Trekta thelathini. Nikagawa. Hamsini na tano kwa ishirini na mbili, mbili na nusu. Thelathini kwa kumi na mbili, mbili na nusu! Nilipiga kelele hata Philbert akatoka mbio akidhani nimekatwa kidole. Namba ile ilikuwa ukubwa wa koo. Aliyetengeneza chuma kile, huko kwao nisikokujua, alikuwa ameniandikia, na mimi nimemsoma. Kwa nini ilikuwa mbili na nusu, wala si tatu, wala si nne, hilo sikujiuliza. Mimi, niulizaye kila kitu.

Kwa Pijo letu hata koo la trekta lilikuwa pana. Ilibidi kulipunguza, lakini kwa kiasi gani? Mama yangu, Damari, alikuwa mfinyanzi, na alinifundisha kwamba udongo uliochanganywa na vigae vilivyosagwa haupasuki motoni. Nikaupaka ndani ya koo, nikauacha ukauke, na moshi wenyewe ukauchoma ukawa mgumu kama chungu. Siku ukinikera, naubandua kwa patasi na kupaka mwingine. Jumamosi tatu tulikwenda njia ya Idodi, Mihayo kwenye usukani, mimi kando yake na saa ya mkono na lile daftari la kahawia. Sijawahi kufurahi kazini kama Jumamosi zile.

Kwa miraba ishirini na mitano gari lilisinzia kila baada ya kona. Kwa kumi na sita liliamka haraka, likavuta vizuri mno, kisha likaanza kugonga ndani. Sikuwa hata nimesikia vizuri, Mihayo akawa ameshainua mguu. "Linagonga, dada," akasema. "Nimeachia." Kwa ishirini likaenda kama tulivyotaka, hadi elfu tano bila kugonga. Nikaandika ishirini, nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Udongo haukufaa kwa mashindano, kigae kimoja kikibanduka kingevunja feni. Kwa hiyo nilichonga ulimi wa chuma, nikaukaza ndani ya koo kwa skrubu mbili, nikapima kwa nta, nikaupunguza na kuuongeza hadi nikapata miraba ishirini. Nilimaliza Alhamisi. Ijumaa gari likapandishwa juu ya lori kwenda Mbeya ili kutunza matairi, bila kujaribiwa. Hakuna aliyeona haja. Tekla alikuwa ameshapima.

Sasa nikarudi kwenye gunia na swali langu. Nilifungua kwanza kichwa cha injini. Dereva akipitisha mizunguko kiasi cha kuvunja, vali huchelewa kufunga na pistoni huzigonga, alama zinabaki. Nilizitazama vali zote nane kwa kioo cha kukuzia. Hazikuwa hata na mkwaruzo. Pistoni ya tatu haikuvunjika, iliyeyuka katikati. Hiyo haikuwa kazi ya mguu. Hiyo ilikuwa kazi ya hewa nyingi mno.

Hapo nikakumbuka maneno ya Philbert siku ya Alhamisi, alipokuwa analichukua konokono mezani kwangu. Aliligeuza geuza akasema, "Lingebanwa kidogo zaidi, si lingeamka mapema zaidi?" Nikamwambia aache mikono yake mbali. Akacheka. Sasa nilitia kidole kwenye lile koo, na kidole kikanihakikishia kwamba ni jembamba. Jembamba kuliko lile la udongo. Nilikuwa na uhakika kabisa: kaka yangu ameniongezea chuma nyuma ya mgongo wangu, injini imekufa, na mzigo amembebesha Mihayo.

Kwetu mdogo hamsuti mkubwa wake usoni. Ukiwa na neno, unamtuma shangazi, au unangoja mzee apite. Mimi nilipanga lingine. Nilitaka apime mwenyewe, mbele ya Mihayo, ahesabu kwa kinywa chake.

Ijumaa asubuhi Mihayo akaja. "Kamwene," akasema mlangoni, salamu yetu ya Kihehe, aliizoea vizuri. Hakuniita dada. Alisimama karibu na sanduku lake, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja msibani. Nilimtazama nikakumbuka njia ya Idodi na mguu wake ulioinuka kabla sijasikia. Nilikuwa nimekaa kando yake, nimeona kwa macho yangu, na bado nilimtukana. Aibu ikanipanda hadi masikioni.

"Kaka Philbert," nikaita, "naomba unisaidie kupima kitu, kabla sijamaliza barua ya Iyunga."

Akaja akifuta mikono. Nilikuwa nimeshatoa nta kwenye koo na kuikata. Daftari lililokuwa karibu yake lilikuwa lile la kahawia, akaliweka mezani, akachora, akaanza kuhesabu kwa ncha ya msumari. Alihesabu taratibu, midomo ikitembea.

"Kumi na mbili," akasema. "Na nusu, ukitaka."

"Hesabu tena."

Akahesabu tena. "Kumi na mbili na nusu. Kwani vipi?"

"Kwani vipi!" Hapo mpango wangu wote wa heshima uliisha. "Mimi nilikupa ishirini, Philbert! Ishirini! Wewe ukalibana, ukatia chuma chako, injini ikayeyuka, ukamfukuza mwenzako kwa kosa lako! Na mimi ukaniacha nimtukane mtoto wa watu mbele ya mji mzima!"

Wateja wawili waliokuwa nje waligeuka. Philbert alinitazama, na nilitegemea afoke, maana hasira zetu zilitoka chungu kimoja. Hakufoka. Uso ulimshuka tu.

"Tekla, skrubu zako zile sikuzigusa. Naapa kwa mama. Nilifunga kama ulivyonipa. Ningebana vipi, na kukereza sijui?"

"Uliniambia lingebanwa zaidi!"

"Niliuliza tu. Si wewe kila siku unauliza?"

Mihayo alikuwa amesogea. Aliinama juu ya meza akiangalia ule mchoro wa nta. "Dada," akasema, kwa sauti ya chini, "siku ile ya Alhamisi ulipotuonyesha, nilikuwepo. Ulihesabu ishirini kweli. Ila hukuhesabu kwenye daftari hili. Lilikuwa la buluu."

Nilitaka kumwambia daftari ni daftari. Lakini la kahawia lilikuwa limejaa wiki ile, ni kweli, na nilinunua lingine dukani, jalada la buluu, mistari ya miraba vilevile. Lilikuwa kwenye droo. Mihayo akalitoa, akaiweka nta ileile juu ya ukurasa mweupe, akachora, akahesabu kwa sauti. Nilihesabu pamoja naye moyoni. Alipofika kumi na mbili nilitaka asimame. Hakusimama. Kumi na tano. Kumi na nane.

"Ishirini," akasema.

Nta ilikuwa moja. Kisha nikachana ukurasa mmoja kutoka kila daftari, nikaulaza mmoja juu ya mwingine, nikazishika dirishani. Mstari wa kwanza ulikutana na mstari. Wa pili ukaachana kidogo, wa tatu zaidi, na kufika wa tano ilikuwa imepishana kwa mraba mzima. Miraba ya daftari la misheni ilikuwa ya inchi, robo inchi kila upande. Ya daftari la buluu ilikuwa ya milimita tano. Miaka ile nchi nzima ilikuwa inahama kutoka inchi kwenda sentimita. Tulihama kwenye mizani, tukahama kwenye vibao vya barabarani, na wenye kuchapa madaftari nao wakahama bila kuniambia. Ndiyo maana ilikuwa mbili na nusu: namba za kwenye konokono zilikuwa sentimita za mraba, na sentimita moja ya mraba humeza miraba miwili na nusu ya daftari la inchi. Ningejiuliza siku ile, ningechukua rula, ningejua. Sikuuliza kwa sababu jibu lilikuwa limenipendeza.

"Ni mimi," nikasema. Niliketi juu ya sanduku la Mihayo. "Niliwapa koo la miraba kumi na miwili nikiita ishirini. Injini nimeiua mimi."

Philbert alivuta kiti, akakaa, akajikuna kidevu. Hasira zangu alikuwa ameshazisamehe, ndivyo alivyo. "Sikiliza," akasema. "Hakuna haja ya watu kujua haya. Andika chuma kilikuwa kibovu. Chuma hakina mama wala mjomba wa kulalamika. Mihayo anapata kazi, wewe unabaki na jina lako. Unajua watu wanavyosema kuhusu mwanamke kwenye mashine. Ukiandika hivi, hakuna atakayekuletea hata boliti."

Alisema kweli, na mimi nilitamani. Nisiwadanganye, nilitamani sana. Nikamtazama Mihayo. Angekubali tu, ningeandika chuma kibovu hapohapo.

"Mimi sina neno," Mihayo akasema. "Ila nilisikia linagonga. Kule mlimani, kwenye ule mwendo mrefu kabla ya kona ya mwisho. Nilitaka kuachia. Kaka akasema, 'Kanyaga, Tekla ameshapima.' Nikaona kweli, dada ameshapima. Nikaacha kusikiliza masikio yangu."

Philbert alitazama chini. Nilingoja akanushe.

"Nilisema hivyo," akasema hatimaye. "Nilipanda na roho ya ushindi, Mihayo. Nilivyoona moshi, nikatafuta wa kumpa. Nisamehe."

Mihayo alisema, "Nimesikia, kaka," basi. Na mimi tamaa ya kuandika uongo iliniisha. Watu wawili, wenye masikio mazima, walisikia injini inalia wakaniamini mimi kuliko kilio chake. Nilivuta kalamu.

*Ndugu Timotheo, injini haikupasuka kwa uzembe wa Ndugu Mihayo. Ilipasuka kwa sababu koo la tabo lilikuwa jembamba kuliko ilivyotakiwa. Mpimaji na mchongaji ni mimi. Nilipima kwa madaftari mawili yenye miraba isiyolingana, na sikukagua. Ndugu Mihayo alisikia hitilafu mapema, akaamriwa aendelee. Ni fundi mwangalifu na dereva mwangalifu. Mchukueni. Wenu, Tekla, mkerezaji vyuma.*

Niliisoma kwa sauti. Philbert akasema, "Weka kwamba aliyeamuru ni mimi." Nikaweka. Akapiga muhuri mwenyewe, kwa nguvu hadi meza ikatikisika.

Mihayo aliikunja barua, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. "Wabeja," akasema, asante ya kwao, akashika sanduku. Nilidhani yameisha. Nikamwuliza kama ameridhika.

Akagusa ule mfuko wa shati. "Barua itasomwa Iyunga, dada. Mlandege nani ataisoma?"

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa, na nikaona heri asingesema. Matusi niliyatoa nje, kwenye mwanga, mbele ya mafundi wote. Haki yake nilikuwa nampa ndani, imekunjwa.

Nikatoka. Mtaa ulikuwa kazini, nyundo zinalia, mtu anajaza upepo tairi. Nilisimama palepale nilipokuwa nimesimama mwezi ule, na sauti ambayo siku zote nalaumiwa kwamba ni kubwa ikakataa kutoka. Ikabidi nikohoe kama lile Pijo.

"Jamani!" nikasema. "Mnakumbuka nilivyomtukana Mihayo hapa, kwamba mguu wake umezoea ng'ombe? Nilisema uongo. Mguu wake hauna kosa. Aliyeharibu injini ni mimi. Nilipima vibaya. Namwomba radhi mbele yenu kama nilivyomtukana mbele yenu."

Nyundo zilinyamaza. Mmoja akaguna, wawili wakacheka, na fundi wa rejeta akasema kwa sauti, "Si tulisema." Hakuna aliyehitaji kuuliza walisema nini. Mzee Bartholomeo, dereva wa lori la kanisa, alikuwa ameleta ngoma ya breki nimkerezee. Ilikuwa imeshafungwa kwenye mashine. Aliingia bila kunitazama, akafungua zile taya za mashine mwenyewe, akaikumbatia ngoma yake yenye grisi kifuani, akavuka nayo barabara kwenda gereji ya pili. Philbert alitaka kumfuata. Nikamshika mkono. Iliniuma hadi machozi yakanilenga, na sikutaka yatoke mbele ya yule wa rejeta.

Mihayo aliyaona yote akiwa na sanduku begani. Basi la Mbeya lilikuwa karibu kuondoka stendi, lakini hakuondoka. Alilitua sanduku, akatoa kipande cha penseli nyuma ya sikio.

"Dada, kuna Land Rova pale Iyunga, nimeiona, imelala. Ndugu Timotheo anasema akipata tabo ataifufua. Sasa zile ishirini za Idodi, za daftari la zamani, kwa daftari jipya zinakuwa ngapi?"

Nilihesabu kichwani, nikarudia, nikarudia tena. "Thelathini na mbili," nikasema. "Lakini injini ya Land Rova ni kubwa kuliko ya Pijo, utaanzia juu ya hapo."

Aliandika thelathini na mbili kwenye kiganja cha mkono wa kushoto.

"Nitapima mwenyewe," akasema.

Akanipa mkono, akajitwika sanduku, akaenda. Neno lake la mwisho liliniuma kuliko ngoma ya Bartholomeo, na nilijua ana haki.